Mlinzi wa bandari ana haki ya kukufungia? Yamemkuta mpwa wangu, tuelimishane

Karani wa Gati

Wakuu salaam. Niko hapa Kigoma, Mwanga, ni usiku na usingizi umekataa kwa iyo mtanisamehe nikiandika kirefu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja, ana miaka 17 yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita kaingia eneo la bandari moja kati ya hizi za mwambao wetu wa ziwa, jina silitaji na naomba msiniulize. Kuna sehemu fensi imefunuka chini, watoto wanapenya hapo wanaenda kuokota mahindi yanayomwagika wapagazi wakipakia magunia ya kwenda ng'ambo. Alikuwa na kindoo cha lita kumi na mahindi hata kilo mbili hayafiki. Walinzi wakamdaka saa tatu asubuhi. Akatoka saa kumi na mbili kasoro jioni.

Hiyo siku nzima alikuwa wapi? Ndani ya kontena tupu, lile la futi ishirini, mlango wameuacha wazi kiasi cha kupitisha kiganja, na jua la mwezi huu mnalijua. Mikono wamemfunga kwa ule ukanda wa plastiki wa kufungia mizigo. Simu wamechukua wakamwambia atoe paswedi. Dada yangu kasimama getini na kanga yake kichwani toka saa tano, anaambiwa mama leta elfu hamsini umchukue mwanao, usipoleta tunampeleka polisi. Mimi nimepata taarifa saa kumi na moja, nimefika nikauliza swali moja tu, hivi polisi mmewapigia saa ngapi na nani aliyepokea simu? Wakaangaliana. Mmoja mtu mzima akaingia kibandani akatoka na mkasi, akaenda kumkata ule ukanda bila neno. Hakuna karatasi, hakuna daftari, hakuna aliyeuliza jina la mtoto. Mpaka leo pale kwenye kifundo cha mkono kuna mstari umebaki kama bangili.

Mimi nimefanya kazi ya ukarani wa kuhesabu shehena miaka kumi na moja, walinzi ninawajua, nimekula nao ugali na migebuka, siwachukii. Na mtoto alikosea, pale sio shamba la babu yake, kuna winchi zinapita juu na mabehewa yanasukumwa nyuma bila mtu kuona. Ila nimekaa na vitabu vya sheria siku nne hizi kwa msaada wa kijana mmoja anayesoma sheria na nilichokuta kimenifanya niandike huu uzi, maana naona hata walinzi wenyewe wengi hawakijui. Mlinzi anaruhusiwa kukamata, lakini anakamata ili AKABIDHI. Hana mamlaka ya kumweka mtu. Pale anapoacha kukabidhi akaanza kuweka, aliyevunja sheria sasa ni yeye.

Tuanzie juu. Katiba ya 1977 ibara ya 15 inasema mtu hatakamatwa wala kufungiwa wala kuwekwa kizuizini ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Sasa utaratibu wenyewe uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kwa toleo la 2022, kifungu cha 16 kinampa raia wa kawaida, mimi na wewe, uwezo wa kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake yale makosa yaliyotajwa kifungu cha 14, na kinampa mwenye mali, au mfanyakazi wake, au aliyemruhusu, kumkamata mtu anayekutwa anatenda kosa la kuharibu mali hiyo. Mlinzi wa kampuni binafsi anasimama hapo hapo, koti lenye maandishi mgongoni halimwongezei kitu. Afu kifungu cha 31 kinasema raia akikamata amkabidhi polisi bila kuchelewa pasipo sababu, au ampeleke kituo cha karibu. Kifungu cha 12 kinasema aliyekamatwa asibanwe kupita kile kinachotosha kumzuia asitoroke. Cha 23, aambiwe anakamatwa kwa kosa gani.

Sasa niambieni, karibu masaa tisa kwenye kontena yanaingia wapi hapo.

---

Baba Mgebuka

Pole sana mkuu, pole kwa dada. Ila tuwe wakweli, na nyie wazazi watoto wanaingia bandarini kufanya nini? Juzi juzi kuna kijana kazamia kwenye boti la mizigo akidhani linaenda Bujumbura kumbe linaenda Kalemie, kafika huko hana karatasi hata moja, familia ikahangaika mwezi mzima kumrudisha. Walinzi wasipobana mtalaumu tena kwa nini hawakubana. Kuingia bila ruhusa ni kosa la jinai, mwenzangu hapo husemi.

---

Karani wa Gati

Ahsante kaka. Nasema, na nilitaka tufike hapo hapo.

Watu wengi tunadhani ukishavuka fensi tayari ni jinai. Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, kifungu cha 299. Kuingia kwa jinai ni kuingia kwenye eneo la mtu KWA NIA ya kutenda kosa au ya kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye eneo, au uliingia kihalali ukagoma kutoka ukiwa na nia hiyo hiyo. Bila nia kosa hilo halijakamilika. Na adhabu yake ya kawaida ni kifungo cha miezi mitatu, inapanda mpaka mwaka kama ni jengo au chombo kinachotumika kama makazi, au nyumba ya ibada, au mahali pa kutunzia mali. Kwa iyo ghala ni habari nyingine, uwanja wa wazi ni habari nyingine.

Kama mtu kaingia tu bila nia mbaya, mwenye eneo ana haki ya kumwambia toka, na akigoma kumtoa kwa nguvu ya kiasi. Kumtoa, yani anakwenda NJE. Wao walimtoa uwanjani wakamwingiza kontena.

Nakubali kwamba bandari zina kanuni zake na zipo sehemu ambazo kuonekana tu bila kibali ni kosa. Ipo pia sheria ya toka 1969 ya maeneo yanayolindwa, Sura ya 74, sehemu ikishatangazwa chini ya sheria hiyo kuingia bila kibali ni kosa lenyewe na hakuna cha kubishana. Sasa hata kwa kosa hilo, mtoto anakwenda polisi. Hakuna sheria inayosema akae kontena.

---

Afande Mstaafu wa Ziwani

Karani umeeleza vizuri ila umechanganya makundi na hapo ndipo watu wanapopotea. Nimevaa kombati bandarini miaka mingi ngoja niliweke sawa.

Getini utakuta watu wanne watano tofauti na raia anawaita wote walinzi. Yupo askari polisi kamili wa Jeshi la Polisi, huyo hana mjadala. Yupo POLISI MSAIDIZI, huyu ameajiriwa na mamlaka ya bandari lakini amepita mafunzo na kuapishwa chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, ndani ya eneo lake lililotangazwa ana nguvu za askari. Yupo mlinzi wa kampuni iliyopewa tenda, huyo ni raia kama alivyosema Karani. Yupo mtu wa forodha, na huyu wengi hawamjui, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 kifungu cha 7 inampa ofisa wa forodha akiwa kazini nguvu na kinga zote za polisi. Na yupo wa uhamiaji na sheria yake mwenyewe, hasa huku kwetu ambako kila boti linatoka Kongo au Burundi.

Kwa iyo swali la kwanza ukikamatwa bandarini sio "kwa nini", ni "mwenzangu wewe ni nani?" Uliza kwa adabu. Polisi msaidizi ana namba na kitambulisho. Wa kampuni ana kitambulisho cha kampuni.

Na nisisitize, hata polisi msaidizi hana ruhusa ya kujitengenezea mahabusu. Zamani zetu ukikamata mtu unaita kwenye redio, unaandika kwenye daftari la zamu saa na dakika, unampeleka kituoni, unakabidhi pamoja na vielelezo, unasaini. Kama ni ndoo ya mahindi, ndoo inaenda na mahindi yake. Mahindi ya huyo mtoto yalikwenda wapi?

---

Karani wa Gati

Afande shikamoo. Ndoo tulirudishiwa tupu.

---

mama_wawili Ujiji

Mimi naomba kuuliza, wakitaka kukupekua je? Maana mimi nauza dagaa nasafirisha mpaka Dar, naingia bandarini kwa kibali kabisa na bado mlinzi wa kiume anataka kushika shika nguo eti anatafuta vitenge vya magendo. Nilishamwambia huyo mlinzi, mdogo wangu, kama unataka kunipekua mwite mwanamke mwenzangu, akasema hakuna mwanamke zamu hii, nikamwambia basi tutakaa hapa hapa mpaka zamu ibadilike. Akaniachia.

---

Kijana wa Sheria

Shikamoo mama. Ulifanya sahihi kabisa, Sura ya 20 iko wazi kwamba mwanamke anapekuliwa na mwanamke na kwa kuzingatia staha. Hilo linambana hata polisi, sembuse mlinzi.

Mimi ndio niliyesoma na mjomba Karani. Naongeza machache aliyoruka.

Huyu ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Mzazi yuko getini toka saa tano na haruhusiwi kumwona, hiyo peke yake ni tatizo kubwa.

Simu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Mlinzi akikuta kitu anachodhani ni kielelezo anakikabidhi polisi kama kilivyo. Paswedi ya simu ya mtoto anaitakia nini?

Ile elfu hamsini. Faini inatozwa na mahakama, au na ofisa ambaye sheria fulani imempa uwezo huo, na kwa risiti. Kumwambia mzazi lipa la sivyo napeleka polisi maana yake unauza wajibu wako wa kumpeleka polisi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa watu wa sekta binafsi pia, tusidhani TAKUKURU ni kwa watumishi wa serikali peke yao.

Na kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai ndani ya Kanuni ya Adhabu, achilia mbali madai ya fidia. Ikitokea ameumizwa, shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 kwa toleo la 2022, linafika miaka mitano. Walinzi wengi hawajui kwamba wao ndio wenye hatari kubwa kuliko yule aliyeokota mahindi.

---

Zamu ya Usiku

Wakubwa mimi ni mlinzi, sio hapo lakini kazi ni hiyo hiyo, nimesoma uzi wote na naandika nikiwa lindoni. Naomba mnisikilize na mimi.

Mnasema kabidhi polisi. Sawa. Nakamata mtu saa nane usiku, niko na mwenzangu mmoja na tochi na kirungu, napiga simu kituoni naambiwa afande yuko doria gari halipo, mleteni. Nimlete na nini? Nikimpeleka kwa miguu lindo linabaki na mtu mmoja, ukiibiwa mzigo wa mtu nakatwa mimi kwenye mshahara. Nikimwachia, asubuhi msimamizi anauliza kwa nini umemwachia, umekula naye? Kwa iyo tunamweka kibandani mpaka asubuhi. Sio roho mbaya. Mafunzo niliyopewa ni wiki mbili, gwaride na kupiga saluti, hakuna siku nilifundishwa kifungu cha 16 wala cha 31, leo ndio mara ya kwanza nasikia.

Ila kontena na pesa, hapana. Hiyo hata mimi sikubaliani nayo.

---

Karani wa Gati

Mdogo wangu nimekuelewa, na nakushukuru umeandika, kati ya wote umenigusa wewe.

Sikia, sheria inasema bila kuchelewa PASIPO SABABU. Gari kukosekana saa nane usiku ni sababu, ukiwa na ushahidi kwamba ulipiga simu. Kinachokuokoa ni kalamu. Andika saa uliyomkamata, mahali ulipomkuta na alikuwa anafanya nini, saa uliyopiga simu kituo gani na nani alipokea, kakujibu nini, halafu piga tena baada ya nusu saa na uandike tena. Mpe maji. Mkalishe mahali penye hewa na mwanga, usimfunge kama hana fujo. Kama ana mzazi, mpigie mzazi. Kesho mahakamani wewe unafungua daftari, wakati yule wa kontena hana cha kufungua.

Wale wa kwetu walikuwa mchana kweupe na kituo cha polisi kiko mwendo wa robo saa kwa miguu.

---

Mswahili wa Likoni

Niko Mombasa, huku kwetu mambo yanafanana. Askari wa kampuni huku wana sheria yao ya 2016 ya kusimamia ulinzi binafsi lakini ukikamata bado wapeleka kwa polisi, na ibara ya 49 ya Katiba yetu yasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Ndugu yangu mmoja yuko bandari za Uingereza, aniambia kule kuna sheria ya 1847, kuukuu kabisa, ndiyo watumia mpaka leo kuapisha askari wa bandari na nguvu zao zafika maili moja nje ya bandari. Lakini ni yule aliyeapa, si kila mwenye jaketi la manjano.

---

Baba Mgebuka

Sasa nauliza bila ubishi. Hizi bandari si ziko chini ya ule utaratibu wa kimataifa wa usalama wa meli na bandari? Nilisikia ofisa usalama wa bandari ana mamlaka makubwa ya kimataifa.

---

Afande Mstaafu wa Ziwani

Ule mnaouita ISPS. Ulipitishwa Desemba 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani na ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2004. Unataka bandari zinazopokea meli za safari za kimataifa ziwe na ofisa usalama, mpango wa usalama, maeneo yenye zuio, na viwango vitatu vya tahadhari. Ofisa huyo kazi yake ni kusimamia mpango, kuhakikisha fensi ni nzima, taa zinawaka, vibali vinakaguliwa. Mamlaka ya kukamata hayatoki huko, yanatoka kwenye sheria za nchi husika. Nilishawahi kumsikia mkubwa mmoja akisema "kwa ISPS naweza kukuweka ndani" nikamwambia mkuu, hicho kitabu hakina ndani.

Na huo huo utaratibu ungefuatwa, ule upenyo wa fensi ungekuwa ni ripoti ya ofisa usalama kabla haujawa njia ya watoto.

---

mama_wawili Ujiji

Karani mmefikia wapi? Dada yako anasemaje? Mtoto kaenda polisi kupimwa?

---

Karani wa Gati

Narudi na mrejesho, samahani nilikimya siku tatu.

Tulikwenda kituoni, tukaandikisha, tukapewa RB (namba ya taarifa yetu kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), mtoto akaenda hospitali daktari akajaza ile alama ya mkono. Afande wa zamu alituuliza kwa upole kabisa kama tunataka kufungua kesi. Dada yangu kakataa. Kasema yeye anauza vitumbua nje ya lile geti na walinzi ndio wateja wake wa saa kumi na mbili asubuhi, akifungua kesi atauzia wapi. Nilibishana naye njia nzima toka kituoni mpaka Katubuka na mwisho nikanyamaza, mtoto ni wake. PF3 nimeitunza mimi.

Nilichofanya kwa upande wangu, nimeandika barua kwa msimamizi wa ile bandari na nakala kwa kampuni ya ulinzi. Sikuomba mtu afukuzwe. Nimeomba kila lindo liwe na daftari la waliokamatwa kama alivyosema Afande, lenye saa ya kukamata na saa ya kukabidhi na sahihi ya aliyepokea, nimeomba walinzi wasomewe vile vifungu vinne kwa Kiswahili siku ya mafunzo, na nimeomba fensi izibwe. Zamu ya Usiku, ile hoja yako ya gari nimeiweka aya ya pili bila kukutaja. Nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, ninayo.

Yule mlinzi mtu mzima wa mkasi alinifuata nje nikitoka. Akaniambia mzee mwenzangu, mimi siku ile niliingia zamu saa kumi, nilimkuta yumo. Nikamwuliza uliambiwa nini ulipopokea zamu? Akasema niliambiwa kuna mzigo kontena la tatu.

Dogo kwa sasa anaenda shule, ila akisikia mlango wa chuma unafungwa anasimama.

Leo asubuhi nimepita kule kwenye fensi. Bado imefunuka vilevile, na nje yake nimekuta ndoo mbili zimeegeshwa, moja ya bluu moja nyeupe, wenyewe wameshaingia. Nimekaa hapo juu ya jiwe mpaka walipotoka, wa kike na wa kiume, wadogo kuliko mpwa wangu. Nimewapa elfu mbili wakanunue unga, nikawapeleka mpaka kwao.